Mapambo ya Harusi ya Kutengeneza kwa Mkono, Yanayorudi Kupamba Sebule

Sherehe ya wageni 100 haihitaji kukodi kila kitu. Pazia la nyuma ya maharusi, maua makubwa ya karatasi, vitambaa vya meza na chupa za katikati ya meza ni kazi ya watu wanne au watano wenye mikasi na jioni chache, mradi hesabu ikae sawa tangu mwanzo. Hesabu zote hapa ni za meza 10 za duara zenye kipenyo cha mita 1.5 na jukwaa moja la maharusi. Kama wageni wako ni 50, gawa vitu vya mezani kwa mbili, lakini jukwaa liache lilivyo, maana picha ni zilezile.

Bei hatuziweki. Karatasi ya Kariakoo na ya duka la vifaa vya shule mkoani hazilingani, na mwezi ujao zitakuwa zimebadilika. Tunaweka vipimo na idadi. Ukiwa na hivyo, bei utaipata dukani kwa dakika chache.

Kabla ya kutoa hela mfukoni, amua kila kitu kitakwenda wapi sherehe ikiisha. Katika mpango huu pazia la jukwaani litakuwa la dirishani, vitambaa vya meza vitashonwa foronya za mito ya makochi, na chupa zitabaki kuwa chupa za maua. Kwa hiyo rangi usichague kwa kutazama picha za harusi mtandaoni, chagua kwa kutazama makochi yako. Kitambaa cha dhahabu kinachong'aa hupendeza chini ya taa za ukumbi, lakini sebuleni kinachosha macho mapema sana. Rangi mbili na kijani cha majani zinatosha. Ukikubali ya tatu, kila mjumbe wa kamati ataleta yake.

Maua makubwa ya karatasi

Hapa ndipo penye kazi nyingi, na wengi huharibu kabla hata ya kushika mkasi, kwa kununua karatasi isiyofaa. Karatasi ya kuchapishia ya gramu 80 ni laini mno: asubuhi ua limesimama, jioni petali zimelala. Kadi nene ya gramu 250 nayo haipindi, inavunjika, na ule mstari wa mvunjiko unaonekana hadi kwenye picha. Manila ya kawaida, ile inayobandikwa kwenye kuta za madarasa, ndiyo yenyewe. Ukiwa dukani, izungushe kona moja kwenye penseli kisha uiachie. Ikibaki imejikunja, nunua. Ikinyooka yote au ikiacha makunyanzi makali, iache. Tazama pia kama rangi ipo pande zote mbili. Manila yenye rangi upande mmoja ikipindwa inatoa mgongo mweupe, na hapo huna la kufanya.

Vipimo hivi ni vya karatasi ya sm 50 kwa 63. Karatasi 3 zinatoa maua 2 kamili yenye upana wa sm 38 hivi. Kila ua linahitaji:

- petali kubwa 6, sm 20 kwa 17
- petali za kati 6, sm 15 kwa 13
- petali ndogo 5, sm 11 kwa 9.5
- utepe wa kitovu, sm 5 kwa 60
- duara 2 za kushikilia, kipenyo sm 10

Siri ya kutopoteza karatasi iko kwenye mpangilio. Karatasi ya kwanza na ya pili, kila moja ikatwe petali kubwa 6 kwa safu mbili za tatu tatu. Ukanda wa sm 10 unaobaki kwenye upande mrefu unatoa petali ndogo 5, na kipande cha mwisho cha sm 12 kwa 40 kinatoa duara mbili. Karatasi ya tatu inatoa petali za kati 12, yaani za maua yote mawili, na ukanda wake wa sm 11 unagawanywa kuwa tepe mbili za vitovu. Jukwaa linataka maua 8, kwa hiyo manila 12, na 2 za kijani kwa ajili ya majani. Ongeza moja ya akiba kwa kila rangi, na zote uzinunue siku moja kutoka bunda moja, kwa sababu waridi ya leo na waridi ya wiki ijayo huwa haziendani.

1. Tengeneza violezo vitatu vya boksi gumu, kimoja kwa kila saizi. Kunja karatasi ya daftari katikati, chora nusu ya petali, kata, kisha ifungue. Pande zote mbili zitalingana. Chini pawe na upana wa sm 6 kwa petali kubwa, 5 kwa ya kati na 4 kwa ndogo. Upana mkubwa uwe theluthi ya juu, na ncha iwe ya mviringo wenye uchongo kidogo.

2. Kata karatasi tatu kwa pamoja, zikiwa zimebanwa kwa vibanio. Ukizidisha hapo, za chini zinateleza na unapata petali za saizi nne badala ya tatu.

3. Pasua kila petali kuanzia chini katikati kwenda juu: sm 5 kwa kubwa, 4 kwa ya kati, 3 kwa ndogo.

4. Kunja midomo. Zungusha kingo mbili za juu za petali kwenye penseli, kuelekea nje. Fanya hivi kabla ya gundi. Petali ikishakuwa kama kikombe, karatasi inakuwa imejikaza na haikunjiki vizuri tena.

5. Pandisha pande mbili za mpasuo moja juu ya nyingine na ubandike: sm 2 kwa petali kubwa, 1.5 kwa ya kati, 1 kwa ndogo. Hapo ndipo petali inapopata tumbo. Weka alama ya penseli ili zote ziwe sawa. Moja ikipandana zaidi ya wenzake, ua zima linaegemea upande huo na kila mtu anauliza lina nini.

6. Bandika petali kubwa kwenye duara la kwanza. Usifuate mzunguko. Anza na tatu kwenye nafasi za saa 12, saa 4 na saa 8 za uso wa saa, kisha tatu nyingine katikati ya hizo. Anayefuata mzunguko hufika petali ya sita na kukuta nafasi imebaki ya petali nusu.

7. Petali za kati zikae juu ya mapengo ya zile kubwa, zikisogea sm 2 kuelekea katikati. Ndogo tano zifuate, zikizunguka kwa nafasi sawa.

8. Utepe wa kitovu uchanechane upande mmoja kwa kina cha sm 3.5, kila uchane uwe na milimita 3 au 4. Uzungushe kwa kuukaza, funga kwa gundi, bandika katikati ya ua, kisha zichanue chane kwa vidole.

9. Geuza ua. Weka kitanzi cha uzi wa nailoni wa kuvulia samaki mgongoni, kisha ubandike duara la pili juu yake. Kitanzi kikikaa katikati ya duara mbili hakichomoki. Kikibandikwa juu ya duara moja kwa tone la gundi, ua litaanguka, na mara nyingi huanguka wakati wa kukata keki, kwa sababu ndipo spika zinapotetemesha jukwaa.

Gundi ya moto ndiyo ya haraka. Bunduki ndogo ya vijiti vya milimita 7 inatosha na haiunguzi karatasi. Tone liwe dogo kama punje ya mahindi, bana kwa sekunde 20 hadi 30, kisha achia. Wengi hufikiri gundi nyingi hushika zaidi. Kumbe inachelewa kupoa, petali inateleza, na nyuzi za gundi zinaning'inia kama utando wa buibui. Nyuzi hizo zitoe mwishoni kwa kupuliza hewa ya mashine ya kukaushia nywele. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, tumia gundi nyeupe ya seremala na vibanio vya nguo: pakaza utando mwembamba, bana kwa dakika 15. Kazi inakwenda polepole zaidi lakini haina ubaya wowote, na ina faida moja: haiyeyuki. Maua ya gundi ya moto yakiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, yatafika ukumbini yakiwa petali tupu.

Pwani kuna shida nyingine, unyevu. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, karatasi inavuta maji ya hewani na mikunjo ya midomo inafunguka yenyewe. Hifadhi maua ndani ya maboksi yaliyofungwa, juu ya meza au kabati na siyo sakafuni, na uyatundike asubuhi ya siku yenyewe. Penseli iende nayo ukumbini kwa ajili ya kukunja upya.

Ua la kwanza litakula saa moja na nusu. Usiwagawie watu ua moja moja kila mtu. Wapange kwa kazi: mmoja anakata, mmoja anapasua na kukunja, mmoja anabandika vikombe, mmoja anaunganisha. Hivyo maua yote nane yanafanana, maana anayekunja midomo ni yuleyule.

Pazia la jukwaani na fremu yake

Fremu ya mabomba ya plastiki ya inchi moja ni nyepesi, inafunguliwa na inaingia kwenye gari dogo. Nunua mabomba mawili ya mita 6, elbo 2 (viungio vya kona), tii 2 (viungio vya njia tatu) na vifuniko 4 vya ncha. Fundi wa duka la vifaa vya ujenzi akukatie hivi: bomba la kwanza vipande viwili vya mita 2.2 na viwili vya sm 60. Bomba la pili kipande cha mita 2.4 na viwili vya sm 60. Kitakachobaki kwenye bomba la pili, kama mita 2.4, beba. Ni akiba ya bomba la juu, na baadaye kitakuwa fimbo ya pazia nyumbani.

Kipande cha mita 2.4 kinakaa juu, kikiungwa na nguzo mbili za mita 2.2 kwa elbo. Chini, kila nguzo inaingia kwenye mdomo wa katikati wa tii, na vipande vya sm 60 vinatoka mbele na nyuma kama miguu. Usitie gundi ya mabomba kwenye maungio, hutaweza kufungua. Toboa kila ungio na utie skrubu moja fupi. Juu ya kila mguu laza mfuko wa mchanga wa kilo 5 uliofunikwa kwa kitambaa. Bila mchanga, feni moja ya ukumbi ikielekezwa huko inatosha kulaza fremu yote juu ya maharusi.

Kishawishi cha kutaka fremu pana zaidi kitakuja. Bomba la inchi moja likipita mita 2.4 bila nguzo ya katikati linapinda kama upinde, na uzito wa maua unaongeza. Ukitaka mita 3 na zaidi, weka nguzo ya tatu.

Kitambaa kipimwe kwa marinda. Pazia lisilo na marinda linaonekana kama shuka lililoanikwa. Upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya upana wa fremu: kwa mita 2.4, vipande vitatu vya kitambaa cha upana wa mita 1.5 vinatoa mita 4.5, na hiyo inatosha. Urefu wa kila kipande ni mita 2.4, kwa hiyo nunua mita 7.5. Juu shona mfuko wa kupitishia bomba wenye kina cha sm 8, chini pindo la sm 3, na hakikisha kitambaa kinaishia sm 2 juu ya sakafu. Kinachoburuta kitakanyagwa na mpiga picha kabla hata maharusi hawajaingia.

Satini ya kung'aa inarudisha mwanga wa kamera na kuacha mabaka meupe pichani. Chagua kitambaa kisichong'aa. Shifoni ni nzuri na inaanguka vizuri, ila inaonyesha ukuta wa nyuma pamoja na nyaya na soketi zake. Nyuma yake ning'iniza mashuka mawili meupe. Pazia likishapigwa pasi lisikunjwe. Lizungushie kwenye lile bomba la akiba na ulisafirishe hivyo, vinginevyo mistari ya mikunjo itaonekana kwenye kila picha ya ukumbusho.

Maua yasibandikwe kwenye kitambaa, kwa sababu uzito unavuta marinda yote upande mmoja. Yaning'inie kwa nailoni kutoka bomba la juu, kila moja kwa uzi wake. Mtu aliyekaa kichwa chake kinafika mita 1.2 au 1.3 kutoka sakafuni, kwa hiyo maua ya katikati yasishuke chini ya mita 1.4. Yakishuka, bibi harusi ataonekana ameota ua kichwani. Matano yakae kona moja ya juu yakigusana, mawili kona ya pili, na moja lishuke pembeni upande wa yale matano. Kupanga nane kwa safu mbili za nne nne ni rahisi zaidi lakini kunakumbusha ubao wa matangazo. Majani ya kijani yaingizwe mwisho, nyuma ya maua, kuziba nyuzi na mapengo.

Meza

Kitambaa cha katikati ya meza hakina maneno mengi. Kitenge kimoja cha yadi 6, ambacho ni mita 5.5 hivi kwa upana wa sm 115, kinatoa vitambaa 12: gawa upana mara nne (sm 28) na urefu mara tatu (mita 1.8). Meza 10 zinapata, viwili vinabaki kwa meza kuu. Pinda sentimita moja kila upande na upige cherehani. Fua kitenge kabla ya kukata; kitenge kipya kinaweza kusinyaa na kuchuja rangi, na hutaki ichuje juu ya vitambaa vyeupe vya ukumbi siku mtu akimwaga maji.

Ukitaka kanga badala ya kitenge, usiikate. Itandaze nzima kama ilivyo, pindo na jina vikionekana, kipande kimoja kwa kila meza, yaani doti 5 kwa meza 10. Na usome jina la kanga kabla ya kununua. Wageni wote watalisoma, na fumbo la kumsema jirani lililolazwa mbele ya wakwe litaongelewa kuliko pilau.

Kwa chupa, kusanya za mvinyo, za juisi za kioo, na makopo ya kioo ya jemu. Chupa za soda waachie wenye kreti zao. Kila meza ipate chupa ndefu moja na makopo mawili ya jemu: jumla chupa 10 na makopo 20. Loweka katika maji ya moto yenye kijiko kikubwa cha magadi kwa saa moja, lebo zitabanduka. Gundi inayobaki isugue kwa mchanganyiko wa mafuta ya kula na magadi ya unga, vijiko sawa kwa sawa, kisha osha kwa sabuni. Ukiruka hatua hii ya mafuta, vumbi litanata kwenye ile gundi na chupa itaonekana chafu hata ikiwa safi.

Kamba ya katani ya milimita 3 ndiyo inayofaa. Tanzania hii si bidhaa ya kutafuta mbali; mkonge umelimwa Tanga tangu ulipoletwa mwaka 1893. Chupa ya mvinyo ina mzunguko wa sm 23 au 24, na ukanda wa upana wa sm 5 unataka mizunguko 17, sawa na mita 4 za kamba. Kwa chupa 10 nunua mita 45. Usivishe chupa nzima: itakula kamba mara tano, na chupa iliyovaa yote haionekani tena kuwa ya kioo.

Anza sm 4 kutoka chini. Weka gundi sm 3, bana ncha ya kamba, zungusha ukikaza na kusukuma kila mzunguko kwa kucha ili ugusane na wa chini yake. Tone la gundi kila mizunguko mitano linatosha. Maliza upande uleule ulioanzia, ili ncha zote mbili zikae nyuma. Vinyweleo vya katani vikate kwa mkasi. Kuvipitishia kibiriti kunaacha madoa meusi.

Mtu aliyekaa anapaswa kumwona aliye mbele yake. Kilicho mezani kiwe chini ya sm 30 au kiwe chembamba kiasi cha kuonwa pande zake. Ndiyo maana ndani ya chupa ndefu linaingia tawi moja tu, na mashada mafupi yanakaa kwenye makopo. Bogenvilia ipo kila uani na ni ya bure, lakini inanyauka haraka sana isipokuwa kwenye maji. Ikate alfajiri, iweke ndani ya ndoo ya maji mara moja, na uondoe majani yote yatakayozama.

Mishumaa midogo ya vikombe ikae ndani ya makopo marefu kuliko moto wake, na isiwekwe kwenye kopo lenye maua. Sm 30 ndiyo nafasi ya chini kabisa kati ya moto na chochote cha karatasi. Kumbi nyingine hazitaki moto kabisa, uliza mapema. Vitaa vya betri ni vya salama zaidi, na watoto wakiviangusha hakuna anayeshtuka.

Koja na vikuba vya asumini

Koja, yaani maua yaliyotungwa kwenye uzi, ni la watu wa pwani, na ni pambo la bei ndogo kuliko yote kwa mwenye mti uani. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado tumba lililofumba, kwa sababu inafunguka usiku. Iliyokwisha kufunguka inapukutika kwenye uzi. Toa tumba kwenye kikombe chake cha kijani, kisha pitisha sindano nyembamba katikati ya shingo yake. Tumia uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili. Nailoni nyembamba inakata shingo za maua. Kichwa kimoja kiangalie kulia, kinachofuata kushoto, na vikaribiane. Koja la sm 80 linakula matumba 150 hadi 200 kutegemea unene wake. Acha sm 10 za uzi kila mwisho kwa ajili ya kufungia.

Kikuba, yaani kishada kidogo cha kubandika kwenye nguo, kinafungwa kwa vitu vichache vyenye harufu nzuri: asumini, jani la mrehani, kipande cha mkadi, na kilua au langilangi likipatikana. Funga kwa uzi, pini kwa nyuma, basi.

Kuhifadhi hadi kesho yake: tandika jani la mgomba ndani ya chombo chenye kifuniko, panga makoja, funika kwa jani jingine, kisha juu ya jani hilo laza kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Unyevu uguse jani tu, maji yakifika kwenye maua yanaacha madoa ya kahawia. Weka kwenye friji sehemu ya chini, mbali na barafu.

Siku ya ukumbini

Kwanza ulizia saa ya kuingia. Ukumbi wenye shughuli nyingine usiku uliotangulia unaweza kukufungulia saa nne asubuhi, na wewe ulipanga saa moja. Kwa mapambo haya watu watano wanataka saa tatu. Fremu na pazia vije kwanza, kisha maua, meza zifuate, na vitu vya maji na moto viwe vya mwisho kabisa.

Maua yasafiri mawili mawili kwa boksi, yakilala chali, bila kitu juu. Chupa ziende ndani ya kreti. Kwenye mfuko mmoja wa mtu mmoja asiyetumwa kwingine ziwepo bunduki ya gundi na waya wa kurefushia umeme, mikasi miwili, nailoni, bisibisi, skrubu za akiba, pini, penseli, ua moja la tisa na kitambaa cha kufutia chupa. Mtu huyohuyo awe na orodha ya vitu vilivyoingia. Bila orodha, chupa zitaondoka na wageni; wengi huchukulia pambo la mezani kuwa ni zawadi, na kusema kweli huwezi kuwalaumu.

Vitu vikirudi nyumbani

Vipande viwili vya pazia vinatosha dirisha la upana wa mita 1.5, na mfuko wa bomba tayari umeshonwa. Cha tatu kifanye pazia la mlango. Fimbo ni lile bomba la akiba; likate upana wa dirisha pamoja na sm 15 kila upande, lipige msasa kabla ya kupaka rangi ya kupuliza, maana rangi haishiki kwenye plastiki laini na itabanduka kama maganda.

Vitambaa viwili vya meza ukiviunganisha ubavu kwa ubavu unapata upana wa sm 50 hivi, unaotosha foronya ya mto wa sm 45. Kata urefu wa sm 110: sm 45 za mbele, na pande mbili za nyuma zinazopandana kwa sm 15, zinazobaki ni za pindo. Haihitajiki zipu wala kifungo. Vitambaa 12 vinatoa foronya 6.

Maua ya karatasi hayadumu milele sebuleni, tuseme ukweli. Vumbi linaingia kwenye kitovu na jua linafifisha rangi. Chagua matatu mazuri, yatundike ukuta usiopigwa na jua, yapulizie hewa ya mashine ya nywele, isiyo ya moto, kila mwezi. Yaliyobaki mpe anayefuata kuoa.

Ukuta ukibaki mtupu, nunua kawa tatu za saizi tofauti, zile za kufunikia chakula, na uzitundike zikiwa zimefungamana kama ngazi. Kawa pia hugeuka kofia ya taa: toboa ncha tundu lenye kipenyo cha sm 4, pitisha kishikio cha balbu na ukikaze kwa pete yake. Balbu iwe ya LED isiyozidi wati 7. Ile ya zamani ya nyuzi inatoa joto la kutosha kukausha ukindu uliosukiwa kawa hadi ukashika moto, kwa hiyo hata kwa kujaribu tu usiiweke.